Mwalimu Aliyelala na Buti

Mwalimu alilala na buti miguuni. Naanzia hapo kwa kuwa kila mtu wa Burungu alianzia hapo alipomtaja, hata wale wasiojua kwamba alikuwa akitunga vitabu. Zilikuwa buti nyeusi za mpira, za kufika karibu na goti, kama wanazovaa wachungaji wa ng'ombe wakati wa matope. Mara kadhaa alilala kwetu, siku zile watu wa juu ya kilima walipokuwa wakishuka kulala chini kwa kuogopa wenye bunduki. Mama alimtandikia mkeka, akampa blanketi, akasimama kusubiri avue. Hakuvua. Alijinyoosha, akavuta blanketi hadi kidevuni, na upande wa pili zikabaki nje zile buti mbili, zimeelekea mlangoni.

"Mwalimu, uko naenda wapi na buti ndani ya blanketi?" baba alimuuliza siku moja.

"Siendi fasi yoyote, Papa. Niko muoga tu."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Yeye alilala peku maisha yake yote, hata vita vilipokuwa mlima wa jirani. Alisema viatu vinamwasha miguu na kumnyima usingizi, na kama ni kukimbia, mguu wake mbovu haukuwa na haja ya haraka.

Jina la Mwalimu silitaji. Mwenyewe hakupenda liitwe njiani. Hata juu ya vitabu vyake vidogo vya watoto aliandika "Mwalimu" tu, na alipoulizwa na wachapaji wa Goma kama hataki kujulikana, alijibu kwamba inamtosha kujulikana na wanafunzi wake.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Alinifundisha darasa la tatu, enzi ambazo bado alikuja shuleni na sandali za mpira wa gari. Darasa zima tulikuwa na kitabu kimoja cha kusoma, nacho hakikuwa na jalada na kilianzia ukurasa wa kumi na moja. Basi kila Jumatatu Mwalimu alijaza ubao kwa hadithi ya kwake, sisi tukainakili kwenye madaftari yetu, yale tunayoyaita kaye, tukaenda kuisoma nyumbani. Hivyo ndivyo vitabu vyake vya kwanza vilivyotoka: watoto arobaini, miandiko arobaini, na makosa ya kila mmoja.

Ninayoikumbuka zaidi ni ya mbuzi aliyeogopa kengele yake. Mbuzi yule kila akitembea anasikia mtu nyuma yake. Akikimbia, yule mtu anakimbia. Akisimama, naye anasimama. Akavuka vilima vitatu bila kula, hadi ng'ombe mzee akamlamba shingoni na kumwambia, hii ni kengele yako, wewe ndiye unayejifuata. Tulicheka siku nzima. Miaka baadaye hadithi hiyo ilichapwa Goma, na michoro. Boksi la vitabu lilipofika kwa pikipiki, Mwalimu alilisukuma chini ya kitanda na kukaa nalo wiki tatu kabla hajamwonyesha mtu. Alisema alikuwa akisubiri kuona kama kuna mtu atakayekuja kuuliza.

Kuuliza nini, hakusema. Mwalimu aliogopa mambo mengi hata tukaacha kuyahesabu. Aliogopa ng'ombe, na huku anaishi Masisi, ambako ng'ombe ni wengi kuliko madawati. Kanisani alikaa benchi la mwisho, upande wa mlango. Redio aliisikiliza kwa sauti ndogo hivi kwamba ilibidi alale nayo sikioni. Pikipiki ikikohoa barabarani alinyamaza katikati ya neno, na sisi darasani tulinyamaza naye, tukisikiliza kama inapita ama inapunguza mwendo. Mpaka leo mimi nikisikia pikipiki inapunguza mwendo mbele ya nyumba, sindano inanidondoka mkononi. Woga huo niliusoma kwake pamoja na kugawanya na kuzidisha.

Lakini huyohuyo muoga alipita kwenye vizuizi vya watu wenye bunduki akiwa na mfuko uliojaa maandishi. Walipomuuliza amebeba nini, alijibu, "Makosa ya batoto, chef. Ninaenda kuyasahihisha." Wakamwacha apite. Akifika nyumbani ndipo alipokaa chini mlangoni asiinuke, na mke wake, alipokuwa bado hai, alimpa uji kwa kijiko kama mgonjwa.

Katika kuwatungia watoto alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja. Hadithi ya jioni isiishe huku mnyama mbaya bado yumo ndani ya nyumba. Unaweza kumwingiza, hata ukamlaza juu ya kitanda cha bibi, lakini kabla mtoto hajaenda kulala mnyama lazima awe ametoka na mlango umefungwa. "Batoto ya hapa banakuwaka tayari na kitu mulangoni," aliniambia. "Mimi sitabaongezea ingine ndani."

Na kila hadithi aliijaribu kwanza. Aliwakalisha watoto kwenye benchi refu nje ya nyumba yake, akawasomea, huku akiwatazama chini. Mtoto akivuta miguu juu ya benchi, Mwalimu aliweka alama kwa biki pembeni ya mstari. Nilimuuliza kwa nini haangalii nyuso. "Uso banaitengeneza juu ya heshima," alisema. "Miguu njo inaniambia kweli."

Sasa nifike kwenye tabia yake iliyotusumbua, na ambayo mimi, mwerevu mimi, niliijua kuliko wote lakini siku ilipotakiwa nikaisahau. Mwalimu aliazima watu. Alichukua kofia ya huyu, kicheko cha yule, mwendo wa mwingine, akavivalisha tabia ambazo wenyewe hawakuwa nazo. Fisi muoga katika hadithi moja alivaa kofia ya katekista wetu, mtu ambaye hakuogopa hata radi. Kunguru mwongo alipewa kicheko cha mama anayeuza ndizi pale njiapanda, na mama yule hajawahi kudanganya mtu hata kwa ndizi moja. Ukichunguza, woga wa fisi ulikuwa wa Mwalimu mwenyewe, na uongo wa kunguru ulikuwa ule wa "makosa ya batoto". Watu walikasirika, yeye akazunguka na viazi vitamu kuomba msamaha, wakacheka, yakaisha. Ikawa mzaha wa kijiji: "Chunga, Mwalimu atakuvalisha dhambi yake."

Vitabu vya watoto vilikuwa kazi yake ya mchana. Kazi ya moyo wake ilikuwa riwaya moja kubwa, kaye saba za kurasa arobaini na nane kila moja, habari za kijiji kimoja cha mlimani na siku kilipokimbia. Aliiandika kwa miaka mingi. Na kwa kuwa nyumba zetu huungua, hakuiweka mahali pamoja. Kila kaye alimkabidhi mtu mmoja: moja kwa katekista, moja kwa mama wa ndizi, nyingine zikapelekwa Kitchanga na Rubaya kwa wanafunzi wake wa zamani. Tukikimbia, kila mtu akimbie na yake. Kijana mmoja alimshauri apige picha kurasa zote kwa simu. Mwalimu alimtazama kwa huruma. Simu hufunguliwa kwenye vizuizi. Kaye ya shule hakuna anayeifungua.

Mimi alinipa ya nne. Nilikuwa nimeshakuwa mshonaji, na zote saba zilikuwa zimepita mikononi mwangu kwanza, kwa sababu zile pini mbili za katikati hushika kutu kwa unyevu wa huku na kula karatasi. Nilizing'oa, nikashona kila kaye katikati kwa uzi wa nailoni. Mwalimu alipapasa mshono wangu, akasema, "Hii hata mutoni itapita muzima." Nilijisikia mkubwa.

Ili nieleweke, lazima nieleze siku moja ya nyuma, nilipokuwa msichana wa miaka kumi na nne. Watu wenye bunduki walikuja alfajiri. Wengi wetu tulikuwa tumeondoka siku iliyotangulia, tumejificha na mbuzi ndani ya mianzi, mahali ambapo mgeni hapaoni hata akipita hatua kumi. Baba alibaki nyuma na ndama, kwa ajili ya mguu wake. Wengine walibaki kijijini kwa sababu zao, Mwalimu mmoja wao. Asubuhi wale watu walitufikia moja kwa moja, hawakutafuta, kama walioelekezwa. Walichukua mbuzi na wakachukua wanaume wawili wa kuwabebea mizigo kuelekea Walikale. Wawili hao hawakurudi. Mmoja alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyekuwa ameoa mwaka uleule.

Baba alifika mchana, akichechemea, peke yake. Mwalimu alifika siku ya pili, miguu imechanwa na mawe, mama akaiosha kwa maji ya chumvi na kuifunga vipande vya kitenge. Mama alikuwa akilia kwa ajili ya mdogo wake huku akimfunga miguu mtu mwingine. Nani aliyeonyesha njia ya mianzi, hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza kwa sauti. Jambo lile lilikaa kati yetu tu. Watu walisalimiana huku wakijiuliza.

Kaye ya nne ilisimulia siku hiyo. Nilianza kumsomea mama mchana mmoja wa mvua, maana mama hajui kusoma na alipenda hadithi za Mwalimu kuliko mahubiri. Karibu na mwanzo wa kaye nikafika mahali ambapo wenye bunduki wanamtoa mtu kitandani na kumuuliza watu wako wapi. Mtu yule hakuwa na jina. Alikuwa na koti refu la kijani. Alichechemea mguu wa kushoto. Ndama wake aliwaita kwa mluzi wa vidole viwili. Macho yangu yalitangulia sauti, na kabla mdomo haujafika kwenye koti nikaona ameinua mkono, akaonyesha njia ya mianzi.

Koti refu la kijani lilikuwa limetundikwa ukutani, juu ya kichwa cha mama.

"Mbona unanyamaza?" mama aliuliza.

"Pini zimekula karatasi, Mama. Haisomeki."

Pini niliziondoa mwenyewe, na mama alikuwapo.

Usinione mjinga. Ilikuwa kama mtu ameniambia jambo ambalo tayari nilikuwa nalijua. Baba alifika nyuma ya wale watu. Baba peke yake, bila hata mkwaruzo. Nikaona yote yanakaa mahali pake, na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa: kwamba siku riwaya itakapochapwa, mama atasikia ni mume wake aliyemtoa mdogo wake, na mke wa yule mwanamume mwingine atasikia, na wanawe, ambao sasa walikuwa vijana wenye mapanga. Tungebaki Burungu vipi? Baba angefika wapi na mguu ule?

Kesho yake mama alipokwenda kuvuna maharagwe nilifungua mshono wangu. Kaye ya shule ni karatasi kumi na mbili zilizokunjwa katikati na kuingizwa moja ndani ya nyingine. Ukurasa wa mwanzoni na ukurasa wa mwishoni ni karatasi moja. Ukitaka kuondoa huku, lazima uondoe na kule. Nilivuta karatasi ile, huku kuna baba na njia ya mianzi, kule kuna sijui nini, sikusoma. Sikutaka kusoma neno lingine. Nikashona kaye upya kwa matundu yaleyale. Kuichoma karatasi nilishindwa, ulikuwa mwandiko ulionifundisha kuandika. Niliikunja, maandishi ya baba yakiwa ndani, nikaishonea ndani ya mto wangu wa kulalia. Kaye nikaifunga kwenye nailoni na sikuifungua tena.

Kisha nikaanza kumwogopa baba yangu. Sikumchukia; ningemchukia, ningepata nafuu. Nilimwekea chakula na kuondoka. Akiniita nilijibu nikiwa mlangoni. Mluzi wake jioni, uliokuwa sauti ya kufika nyumbani, uliniingia mgongoni. Nilikaa hivyo miaka minne, na ndani ya miaka hiyo tulikimbia mara tatu, mara ya mwisho hadi Pinga, siku nyingi za kupanda na kushuka. Nilibeba cherehani kichwani na mto mgongoni, ndani ya mto ile karatasi. Baba alikuja nyuma yetu akichechemea, na mimi sikugeuka kumngoja.

Pinga ndipo alipougua kifua. Mchana mmoja mama alikwenda kutafuta dawa, nikabaki naye. Nilimletea maji, nikaweka chini, nikageuka.

"Mutoto yangu," alisema, "nilikukoseaka nini?"

"Hakuna, Papa."

"Basi kaa kidogo."

Nilisema nina nguo ya mtu ya kumaliza. Nikatoka, nikakaa nyuma ya nyumba na mikono mitupu, sina nguo yoyote. Alikufa wiki hiyo. Tulimzika na koti lake.

Na Mwalimu nilimkwepa miaka yote hiyo. Alikuwa amekimbilia Rubaya, akiishi kwa kuwaandikia barua wachimbaji wa madini ya koltani, na mchana kuwasomea watoto wao hadithi huku baba zao wakipanda na kushuka na magunia. Waliotoka huko walisema amezeeka ghafla, ukungu mweupe umemwingia machoni, lakini watoto bado anawapanga kwenye benchi na kuwapapasa miguu. Nilicheka niliposikia. Kisha nikakumbuka kwamba ninamwogopa.

Tuliporudi Burungu tulijenga chumba kimoja cha mbao palepale pa zamani. Msimu wa maharagwe uliofuata, saa nne asubuhi, pikipiki ilikuja barabarani na mbele ya nyumba ikapunguza mwendo. Sindano ikadondoka. Nyuma ya dereva, ameshikilia kwa mikono miwili na amefumba macho, alikuwa Mwalimu, na buti zake.

Mama alimshika mkono akamwingiza. Tulimpa kigoda. Alikuwa amenywea kuliko nilivyomkumbuka, na biki bado mfukoni mwa shati, ingawa macho yake hayakuona tena mstari. Mama akarudi mlangoni kwenye ungo wake, akaendelea kumenya maharagwe. Mwalimu alisema amepata wa kuchapa kitabu kikubwa. Alikuwa akizunguka kuzikusanya kaye, na kila mlinzi anamsomea ya kwake, asikie kama imekaa vizuri. Sita zilikuwa tayari ndani ya mfuko kifuani. Ilibaki ya nne.

Nilimpa mikononi. Hakuniambia nisome. Aliifungua katikati, akaanza kuhesabu karatasi kwa kidole gumba, taratibu, midomo ikitembea. Alipofika mwisho alirudia.

"Iko kumi na moja," alisema.

Maharagwe yalidondoka kwenye ungo, moja, moja.

"Njo wewe ulitoa?"

"Njo mimi."

"Unayo? Ao ulichoma?"

Nilitoa mto kitandani, nikaufumua pembeni kwa wembe, nikavuta karatasi. Ilikuwa imelainika kwa kulaliwa. Niliinama karibu na sikio lake nikamnong'oneza: "Mwalimu, nakuomba. Mama iko pale. Ule mujomba alikuwa mudogo yake. Papa amekufa. Acha ipotee."

"Soma."

"Mwalimu."

"Soma kwa sauti, mutoto yangu. Niko naogopa kukupita. Kama hautasoma sasa, nitapanda pikipiki nirudie."

Nilisoma. Koti la kijani, mguu wa kushoto, mluzi. Maneno mengine niliyarudia mara mbili. Mtu akainua mkono, akaonyesha njia ya mianzi. Mlangoni maharagwe yalinyamaza. Sikuthubutu kumtazama mama. Nilijua tu kwamba sasa limefanyika, lile nililolibeba hadi Pinga na kulirudisha ili lisifanyike.

"Geuza," alisema Mwalimu. "Upande wa pili. Kule kwa mwisho."

"Kule sikusomaka."

"Najua. Ungesoma, haungeficha."

Niliifungua karatasi yote, nikasoma nusu ile nyingine kwa mara ya kwanza. Ilikuwa habari ya mtu yuleyule, miaka baadaye. Mwandiko ulikuwa wa haraka, umekosewa na kufutwa. Iliandikwa kwamba siku ile walimtoa kitandani peku, na mawe yakamkata, na walipomuuliza aliangalia njia ya kukimbilia, akaangalia miguu yake, akainua mkono. Iliandikwa kwamba tangu siku ile mtu yule hakulala tena bila viatu.

Baba yangu alilala peku maisha yake yote.

Mwalimu alikuwa ameinama. Alishika buti ya kulia, akaivuta kwa shida, kisha ya kushoto, akaziweka kando ya kigoda. Miguu yake ilikuwa myeupe kwa unyevu, na chini, kwenye nyayo, makovu yaliyopita kila upande. Mama aliyajua makovu yale kabla yangu. Aliyafunga mwenyewe kwa kitenge chake.

"Ule muntu njo mimi," alisema Mwalimu, akielekea upande wa mlango, alikosikia pumzi za mama. "Mguu iko ya papa ya huyu mutoto. Koti iko yake. Niliviazima. Nilitaka kuandika kweli na niliogopa kuivaa mwenyewe. Nilisema nitabadilisha mbele ya kuchapa. Kila mwaka nilisema."

"Papa alijua?" niliuliza.

"Hapana. Hakujua kitu."

Nilitaka kumpiga. Nasema wazi, nilishika kile kiwembe. Hapohapo nikakumbuka fisi na kofia ya katekista. Wote tulijua. Mtoto wa darasa la tatu alijua kwamba Mwalimu huwavalisha watu dhambi yake, na mimi niliyeshona kaye zote saba nilisoma ukurasa mmoja nikamhukumu baba.

Mama aliweka ungo chini. Alikuja akasimama mbele ya ile miguu, akaitazama kwa muda mrefu. Mwalimu hakuona, lakini alijua yuko pale, kwa sababu vidole vya miguu vilijikunja kama vya watoto wa benchi. Nilingoja mama apige kelele, aite majirani. Angeita, wangekuja.

"Vaa viatu, Mwalimu," alisema mama. "Udongo iko baridi."

Kisha akatoka, akaenda shambani bila ungo na bila jembe. Alirudi jioni, macho yamevimba, na mpaka leo hajalizungumza.

Mwalimu hakuvaa. Alitoa biki mfukoni, akanipa. "Watoto ya ule mwanaume wa pili watasoma," alisema. "Niko naogopa sana. Nilikuwa naangalia mlango maisha yote, sasa siuoni tena. Futa mguu ya papa yako. Fasi yote iko, futa. Andika muntu alikuwa mwalimu."

Niliiweka karatasi juu ya meza ya cherehani. Mguu wa kushoto ulikuwa umetajwa mara tano, koti mara mbili, mluzi mara moja. Nilifuta polepole, kwa mstari mmoja ulionyooka, kama alivyotufundisha kusahihisha, na kila mahali nikaandika lile neno lake, mwalimu. Kila nilipofuta nilimjibu baba kwa sauti ya chini. Hukunikosea kitu, Papa. Mara nane. Mwalimu alikuwa akisikia, lakini sikuwa nasema naye.

Nilipomaliza, nikavuta kigoda kingine nikakaa. Nikaingiza karatasi mahali pake, ya pili kutoka nje, nikatia uzi kwenye sindano.